Kibanda cha gemu Mikese: ununue PlayStation au kompyuta?

Ukishuka kwenye basi Mikese, takriban kilomita 30 kabla ya kuingia Morogoro mjini ukitokea Dar es Salaam, biashara za kando ya barabara ni zile tulizozizoea: mama mwenye meza ya vitafunwa, fundi pikipiki, kinyozi, wakala wa kutuma na kutoa pesa. Katika miji midogo mingi ya barabara hii imeongezeka biashara nyingine. Ni chumba kimoja chenye pazia mlangoni, runinga moja au mbili ndani, benchi la mbao na vijana wanaopiga kelele kana kwamba wako Uwanja wa Jamhuri. Hicho ni kibanda cha gemu.

Kwa kijana aliyeuza ufuta au mbaazi na kubaki na akiba, kibanda kama hicho kinavutia. Hakihitaji jembe, hakisubiri mvua, na wateja wenyewe ni rafiki zake. Ndipo linapokuja swali linalozungumzwa sana vijiweni: anunue PlayStation au kompyuta ya gemu? Wapo wanaosema kompyuta ndiyo akili, kwa kuwa inafanya kila kitu. Wengine wanasema PlayStation haina mpinzani.

Jibu letu kwa kifupi ni hili. Kwa kazi ya kuchezesha watu, mashine ya PlayStation iliyotumika inaishinda kompyuta ya gemu kwa mbali. Lakini ipo kompyuta ya tatu, ya kawaida kabisa ya ofisini, ambayo kwa mahali kama Mikese inaweza kumpa mwenye akiba ndogo usalama kuliko zote mbili. Makala haya yanaeleza kwa nini, na hesabu tumeziweka wazi ili wewe msikilizaji uzifanye upya kwa bei utakazopewa dukani.

Tunazungumzia mashine gani?

PlayStation hutengenezwa na kampuni ya Sony ya Japani. Ya kwanza ilitoka Desemba 1994, ya pili mwaka 2000, ya tatu 2006, ya nne 2013 na ya tano Novemba 2020. Hapa nchini watu huziita kwa kifupi PS2, PS3, PS4 na PS5. PS2 ndiyo iliyouzwa kuliko mashine yoyote ya gemu duniani, zaidi ya milioni 160, na ndiyo iliyowafundisha vijana wengi wa miji yetu kucheza mpira kwa vidole. Kazi ya mashine hizi ni moja: unaichomeka kwenye runinga, unashika padi, unacheza.

Kompyuta ya gemu ni kompyuta yenye kifaa cha ziada ndani kinachoitwa kadi ya picha. Kadi hiyo ndiyo inayochora uwanja, nyasi, jezi na jasho la wachezaji kwa kasi bila kukwama. Kompyuta ya kawaida ya kuandikia barua haina kadi yenye nguvu hiyo. Ndiyo maana gemu mpya ikiwekwa humo inakwama kwama, au haifunguki kabisa. Kadi hiyo mara nyingi ndiyo sehemu ghali kuliko zote katika kompyuta nzima.

Kwa nini bei zimekuwa kali?

Anayefuatilia bei atakuwa ameona jambo lisilo la kawaida. Zamani mashine ya gemu ilianza kwa bei ya juu, kisha ikashuka kadiri miaka ilivyopita. Sasa imekuwa kinyume. PS5 yenye sehemu ya diski ilianza kuuzwa Marekani kwa dola 499 mwaka 2020. Agosti 2025, karibu miaka mitano baadaye, Sony iliipandisha hadi dola 549 katika soko hilo hilo. Kwa kadirio la shilingi 2,500 kwa dola moja, hiyo ni zaidi ya shilingi milioni 1.3, kabla ya usafiri, kodi na faida ya muuzaji wa Kariakoo.

Kompyuta nazo zimepata pigo lao. Tangu mwishoni mwa 2025 bei ya memori za kompyuta imepanda sana duniani. Chanzo kiko mbali na Mikese: kampuni kubwa zinajenga vituo vya kuendeshea akili mnemba, na vituo hivyo vinameza memori kwa wingi. Viwanda vinawahudumia kwanza wateja hao wenye fedha nyingi. Desemba 2025 kampuni ya Micron ya Marekani ilitangaza kuachana na biashara ya kuuza memori kwa wanunuzi wa kawaida kwa jina la Crucial, ili iwahudumie wateja wakubwa zaidi. Mtu anayetaka kuunda kompyuta ya gemu leo analipia foleni hiyo.

Upo unafuu mmoja kwa upande wa kompyuta. Katika ushuru wa forodha wa pamoja wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, kompyuta huingia kwa asilimia sifuri, kwa kuwa zinahesabiwa kuwa zana za kazi na elimu. Mashine za gemu ziko katika kundi la vifaa vya michezo na burudani, ambalo hutozwa ushuru. Unafuu huo hata hivyo hautoshi kufuta gharama ya kadi ya picha na memori. Kompyuta ya gemu ya kuridhisha, pamoja na skrini yake, bado hugharimu kiasi ambacho kingenunua PS4 mbili zilizotumika, na wakati mwingine zaidi.

Umeme: mashine ipi inakula sana LUKU?

Umeme wa Bwawa la Julius Nyerere, lenye uwezo wa megawati 2,115, husafirishwa kutoka Mto Rufiji hadi kituo cha Chalinze, upande wetu huu wa mashariki. Lakini umeme kuzalishwa ni jambo moja, na kulipia uniti zake ni jambo lingine.

Nyumba inayotumia umeme kidogo, usiozidi uniti 75 kwa mwezi, hulipa shilingi 100 kwa uniti kabla ya kodi na tozo. Ukizidisha, uniti za ziada hutozwa shilingi 350. Biashara ndogo kwa kawaida ziko katika kundi la matumizi ya jumla, ambalo uniti ni shilingi 292. Ukiongeza kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18 na tozo za EWURA na REA, uniti moja inafika takriban shilingi 356.

PS4 ile nyembamba pamoja na runinga ya inchi 32 hula takriban wati 130 wakati wa kucheza. Ikifanya kazi saa 8, imekula uniti moja na kidogo, sawa na shilingi 370. Kompyuta ya gemu pamoja na skrini hula wati 300 hadi 400. Kwa saa hizo hizo 8 itakula karibu uniti 3, sawa na shilingi 1,000. Tofauti ya siku moja unaweza kuipuuza. Tofauti ya mwaka mzima ni zaidi ya shilingi laki moja na nusu kwa mashine moja.

Kuna na suala la umeme kushuka nguvu. Kama kibanda kiko mwisho wa laini, au jirani yako ana mashine ya kusaga au ya kuchomelea vyuma, utaona taa zikififia kila anapoanza kazi. Mashine zote mbili hazipendi hali hiyo, ila kompyuta ya gemu huumia zaidi kwa sababu ina vipande vingi na inavuta umeme mwingi kwa mkupuo. Umeme ukikatika ghafla wakati kompyuta inaandika kwenye diski, mafaili yanaweza kuharibika. Stabilaiza nzuri si anasa, na gharama yake iingie kwenye bajeti tangu siku ya kwanza.

Gemu zenyewe zinapatikanaje?

Hapa wengi hujikwaa. Kununua mashine ni nusu ya safari, kwa kuwa gemu nayo ina bei.

Mwenye kompyuta hununua gemu mtandaoni na kuzipakua. Gemu ya mpira ya EA Sports FC katika matoleo ya miaka hii inadai nafasi ya takriban GB 100 kwenye kompyuta. Hata tukikadiria bando kwa shilingi 2 tu kwa kila MB, kupakua GB 100 ni shilingi 200,000, na hujalipia gemu yenyewe. Mtu wa mjini mwenye intaneti ya waya isiyo na kikomo haoni tatizo. Mtu wa Mikese anayetegemea bando la simu anaona mlima.

PlayStation yenye sehemu ya diski inakupa njia nyingine. Unanunua diski dukani, unaichomeka, unacheza. Ukiichoka, unaiuza au unabadilishana na mwenye kibanda cha Kingolwira au Ngerengere. Mashine za bei nafuu zisizo na sehemu ya diski hazikupi nafasi hiyo. Kwa hiyo ukiona PS5, uliza kwanza: ina mdomo wa diski?

Kuna jambo ambalo wauzaji hawalisemi. Tanzania haimo katika orodha ya nchi ambazo Sony inaruhusu kufungulia akaunti ya mtandao wake wa PlayStation. Oman imo, Falme za Kiarabu zimo, Afrika Kusini imo, sisi hatumo. Jambo hili lilisikika duniani Mei 2024, pale Sony ilipotaka wachezaji wa gemu ya Helldivers 2 kwenye kompyuta wawe na akaunti hiyo. Gemu iliondolewa sokoni katika nchi zaidi ya 170 zisizo na huduma, wachezaji wakalalamika, na siku chache baadaye Sony ikarudi nyuma. Kwa mwenye kibanda maana yake ni hii: usipange biashara inayotegemea kucheza mtandaoni kwa PlayStation. Panga biashara ya watu walioketi pamoja chumbani.

Mashine nyingi zilizotumika huuzwa zikiwa zimefunguliwa kifundi ili zisome gemu za kunakili. Bei huwa nzuri na gemu huwa nyingi. Lakini kunakili gemu bila idhini ni kinyume cha Sheria ya Hakimiliki, na anayefanya hivyo kibiashara ndiye anayeonekana kwa urahisi zaidi. Ujue unachokinunua kabla ya kulipa.

Mashine itaishi miaka mingapi?

Mkulima akinunua ng'ombe wa kulimia huangalia meno. Mashine ya gemu nayo ina meno yake: ni mwaka ambao watengenezaji wa gemu wataacha kuitengenezea gemu mpya.

Tazama historia. PS2 ilitoka 2000, na gemu ya FIFA ya mwisho kutengenezwa kwa ajili yake ilikuwa FIFA 14, mwaka 2013. PS3 ilitoka 2006, na ya mwisho ilikuwa FIFA 19, mwaka 2018. Kila moja iliishi miaka 12 au 13. PS4 ilitoka Novemba 2013, na Septemba 2025 bado ilipata gemu mpya ya mpira, FC 26. Ukihesabu kwa mtindo huo, PS4 ni ng'ombe mwenye nguvu bado, lakini meno yamekwisha kulika. Gemu kubwa zinazokuja hazimhesabu tena. GTA VI, ambayo watengenezaji wake Rockstar walitangaza kuwa itatoka 19 Novemba 2026, imepangwa kwa PS5 na kwa mashine mpya za Xbox. PS4 haimo. Kompyuta pia haimo katika tarehe hiyo.

Je, hilo linamwondolea thamani PS4? Kwa kibanda cha kijijini, si mara moja. Mteja wako anataka kumfunga rafiki yake mabao matatu na kumtania hadi kesho. Gemu ya mwaka juzi inatosha kwa kazi hiyo. Mafundi wa mitaani pia huongeza majina na jezi mpya kwenye gemu za zamani, hadi Simba na Yanga. PS2 ilidumu vibandani miaka mingi baada ya kusahaulika Ulaya. Ila usilipe bei ya kijana kwa mzee. Muuzaji akikuambia bei ya PS4 inayokaribia ya PS5, kumbuka meno.

Hesabu: pesa inarudi lini?

Tuchukue mfano, nawe weka tarakimu zako. Tuseme una seti mbili za PS4 zilizotumika, kila moja na runinga yake. Seti, mabenchi na stabilaiza vimekugharimu shilingi milioni 2. Mechi moja unatoza shilingi 500, na kila seti inachezwa mechi 10 kwa siku. Hiyo ni shilingi 10,000 kwa siku, na 260,000 kwa mwezi wa siku 26.

Sasa toa. Pango 30,000. Umeme kwa saa 8 kwa siku takriban 20,000. Padi na matengenezo 30,000, na usiyadharau, kwa sababu padi ndiyo inayokufa kwanza. Imebaki 180,000. Ukikaa kibandani wewe mwenyewe, milioni 2 itarudi baada ya miezi 11. Ukimweka mtu na kumlipa 100,000, imebaki 80,000, na pesa itarudi baada ya miezi 25. Miaka miwili na zaidi, kwa mashine iliyokwisha kuwa mzee.

Fanya hesabu hiyo hiyo kwa kompyuta mbili za gemu zenye jumla ya milioni 4. Kompyuta nayo inakubali padi mbili, kwa hiyo mapato kwa kila skrini ni yale yale. Mteja halipi 1,000 kwa sababu tu nyasi zinang'aa zaidi. Umeme unapanda hadi karibu 52,000 kwa mwezi. Ukikaa mwenyewe, pesa inarudi baada ya miezi 27. Ukiajiri, unahitaji karibu miaka 7. Hakuna mashine ya gemu inayofaa kusubiriwa miaka 7.

Hesabu hii inaonyesha mambo mawili. La kwanza, kwa kuchezesha watu, kompyuta ya gemu haifai hapa. La pili, kinachoamua faida zaidi ya aina ya mashine ni nani anakaa pale mlangoni. Kijana anayedhani atanunua mashine, amwachie mdogo wake, kisha arudi shamba, asome tena ile miezi 25.

Ongeza na msimu. Mechi 10 kwa siku zinawezekana baada ya mavuno, pesa ikiwa mikononi mwa vijana. Wakati wa masika, wakiwa wanapalilia na mifuko ikiwa mitupu, usishangae ukipata mechi nne. Atakayekopa apange marejesho kwa miezi mibaya, asipange kwa miezi mizuri.

Mshindani wako yuko mfukoni mwa mteja

Mpinzani mkubwa wa kibanda ni simu. eFootball, ambayo zamani ilijulikana kama PES, inachezwa bure kwenye simu. Kuna pia programu ya PPSSPP, iliyotoka mwaka 2012, inayoiwezesha simu ya kawaida kucheza gemu za mashine ndogo ya PSP. Vijana wengi wameitumia kucheza mpira bila bando. Kwa anayetaka tu kujiburudisha peke yake, simu aliyo nayo inatosha. Asitumie shilingi hata moja kununua mashine nyingine.

Kibanda kinauza kitu ambacho simu haina: kukaa bega kwa bega, watazamaji nyuma, aliyefungwa anampisha mwingine. Hiyo ndiyo bidhaa. Kibanda chenye benchi la kutosha, hewa, maji ya kunywa na ligi ndogo ya Jumamosi kitaishi. Chumba chenye joto na padi mbovu kitakimbiwa, hata kikiwa na PS5.

Wazazi, shule na sheria

Wazazi wana malalamiko mawili, na yote yana msingi. La kwanza ni watoto kutoroka shule. Mwenye kibanda asiyepokea watoto saa za masomo anajilinda mwenyewe, kwa sababu serikali ya kijiji ikichoka hufunga kwanza na kuuliza baadaye. Kabla ya kufungua, nenda kwa mtendaji wa kijiji, jitambulishe, na uulize kuhusu sheria ndogo na leseni. Saa za kazi ziandike ukutani.

La pili ni kamari. Kibanda cha gemu si sawa na zile mashine za kutumbukiza sarafu ambazo watu huziita madubwi. Madubwi ni michezo ya kubahatisha, ambayo kwa Sheria ya mwaka 2003 husimamiwa na Bodi ya Michezo ya Kubahatisha, huhitaji leseni, na hairuhusiwi kwa walio chini ya miaka 18. Kulipia mechi ni kulipia burudani. Lakini vijana wakianza kuwekeana pesa kwa matokeo, na wewe ukachukua sehemu yako, umeshatoka kwenye burudani na kuingia mahali pengine. Mzazi anayeona madubwi na gemu chumba kimoja hataona tofauti, na si rahisi kumlaumu.

Kompyuta ambayo hakuna anayeiulizia

Tumesema ipo njia ya tatu. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilisitisha matengenezo ya bure ya usalama kwa Windows 10. Kompyuta nyingi za ofisini katika nchi tajiri haziwezi kupokea Windows 11, hivyo zinaachwa na nyingi huishia katika masoko ya vifaa vilivyotumika. Zina umri, lakini kwa kuandika, kuchapa na kujaza fomu bado ni nzima. Hazili umeme mwingi, na bei yake ni sehemu ndogo ya bei ya kompyuta ya gemu. Angalizo ni moja: iliyobaki na Windows 10 bila ulinzi isitumike kwa mambo ya benki. Fundi mzuri anaweza kuiwekea Linux, ambayo ni bure.

Kompyuta hiyo haichezi FC 26. Lakini fikiria ni mambo mangapi siku hizi yanafanyika kwa mtandao peke yake. Mwanafunzi anayeomba mkopo wa elimu ya juu hujaza mtandaoni. Anayetafuta kazi serikalini hupitia Ajira Portal. Cheti cha kuzaliwa huombwa RITA kwa mtandao. Kwa huduma hizo, mtu asiye na pa kwenda karibu hupanda gari hadi Morogoro mjini, na nauli ya kwenda na kurudi ni pesa ambayo angefurahi kuigawana na kijana mwenye kompyuta, printa na uvumilivu wa kumsaidia mzee kuandika jina lake lilivyo kwenye kitambulisho.

Biashara hiyo haina kelele wala mashabiki, na haitakupa sifa kijiweni. Ila haichakai kila gemu mpya inapotoka. Na hakuna kinachozuia kuweka PS4 moja upande wa pili wa chumba hicho hicho. Wanaosubiri fomu zao watazame mechi. Seti moja badala ya mbili, na kompyuta ya kawaida badala ya ya gemu: kwa milioni 2 ile ile una kapu mbili za mayai.

Kwa wasio na akiba, halmashauri hutoa mikopo isiyo na riba kutoka asilimia 10 ya mapato yake ya ndani: nne kwa wanawake, nne kwa vijana na mbili kwa watu wenye ulemavu. Ilisitishwa Aprili 2023 na kurejeshwa mwaka 2024 kwa utaratibu mpya. Kwa kawaida hutolewa kwa vikundi. Andiko linaloonyesha huduma za uchapaji na maombi ya mtandaoni lina hoja nyepesi kuitetea mbele ya afisa maendeleo ya jamii kuliko andiko la gemu peke yake.

Kabla hujatoa pesa

Ukiamua kununua mashine iliyotumika, iwe Kariakoo au katika maduka ya jirani na Soko Kuu la Chifu Kingalu pale Morogoro, usikubali kuonyeshwa taa ikiwaka tu. Cheza nayo nusu saa nzima. Feni ikivuma kama mashine ya kukoboa, ndani kuna vumbi au girisi ya kupoza imekauka. Mwache mchezaji mmoja bila kumgusa: akitembea mwenyewe, padi imekwisha. Tikisa kidogo waya wa runinga pale unapoingia kwenye mashine. Picha ikipotea, tundu limelegea. Weka diski uone kama inasoma. Omba risiti yenye namba ya mashine, ili kesho usiulizwe maswali kuhusu mali ya wizi. Na ikifika nyumbani, iweke juu, mbali na sakafu, kwa kuwa vumbi la barabara yetu wakati wa kiangazi halina huruma.

Kwa anayenunua kwa ajili ya nyumbani, na pesa haimtoshi kwa ada na chakula kwanza, jibu ni simu yake. Kwa anayefungua kibanda na atakaa mwenyewe, ni PS4, kwa bei inayolingana na umri wake. Kompyuta ya gemu tumwachie mtu wa mjini mwenye intaneti isiyopimwa kwa MB na mshahara usiopimwa kwa mvua. Na yule mwenye milioni 2 za ufuta, anayejua kwamba mwakani huenda asizipate tena, atembee Mikese siku moja kabla ya kununua chochote. Ahesabu vijana wangapi wanatafuta pa kucheza, na watu wangapi wamesimama kituoni na bahasha mkononi wakisubiri gari la kwenda mjini kuchapa karatasi moja.